Shukia Palipokuwa na Mugumo

Kabla hujaniambia kwamba unaijua Nyeri, niambie gari la Mweiga likishateremsha abiria wa mwisho hugeuzia wapi. Hujui. Wala usiichungulie hiyo simu, nakuona. Mimi nilizaliwa Ruring'u, nikabatizwa mjini, nikauza sukuma wiki na mama yangu sokoni, na nilipotimiza miaka ishirini na mitatu nilikuwa sijui vilevile. Nilijua njia ya nyumbani hadi sokoni, ya sokoni hadi kanisani, na ya kanisani hadi nyumbani. Hiyo ndiyo niliyoiita Nyeri, na mtu angeniambia siijui tungekosana.

Mnaniita shosho, yaani bibi, na ni haki yenu, hata magoti yangu yanawaunga mkono. Lakini tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu nilikuwa tarishi, mesenja kama tulivyoitwa, wa ofisi moja ya serikali hapo mjini. Kazi yetu ilikuwa kupeleka barua kwa mkono: kwa machifu, kwa walimu wakuu, na kwa watu wa kawaida ambao sanduku lao la posta lilikuwa la shule iliyofungwa au la jamaa waliyekosana naye. Ofisi ilikuwa na gari moja, na gari hilo lilikuwa la mkubwa. Sisi tulipewa mkoba wa ngozi, kitabu cha kutia sahihi, na nauli. Mengine ulijitafutia.

Leo nataka niwaeleze jinsi nilivyofundishwa mji wangu na mtu wa mbali, na jinsi kosa langu moja lilivyomuumiza msichana ambaye hakuwa na kosa. Nilikuwa na deni kwa wote wawili: shukrani kwa mmoja, msamaha kwa mwingine. Mmoja nilimshukuru mapema. Wa pili nilichelewa mno, na ndiye anayenifanya nisimulie.

Mtu wa mbali alikuwa Mzee Wafula. Alikuja Nyeri kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akapewa mkoba kama huo wangu, na nilipoajiriwa alikuwa tayari ana mvi masikioni. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyonikera: ukimtaja mtu yeyote, hata wa kijiji gani, yeye angesema, "Huyo nyumba yake ukitoka mlangoni unaona mlima kwa bega ya kulia." Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayesema leo kuna jua.

Mimi sikupenda. Nilijiuliza, huyu Mluhya atanifundishaje kwetu? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini mimi sikujiona mgonjwa. Kwa hiyo nilipopewa barua nisiyojua inakokwenda, sikumuuliza Mzee Wafula. Nilikwenda kituo cha magari nikamuuliza makanga. Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: makanga hajawahi kukuambia gari lake haliendi unakokwenda. Ukimwambia unaenda mbinguni atasema ingia, bado mtu mmoja.

Nilipotea sana mwaka ule wa kwanza. Siku moja nilikuwa namtafuta mwalimu mmoja kutoka Kakamega aliyepanga chumba Kamakwa. Nilizunguka asubuhi nzima, nikaja kumkuta nje ya mlango akifua mashati yake. Sasa, ulimi wangu wa Kikuyu siku hizo haukutofautisha l na r, zote zilitoka r. Nikamwambia, "Mwalimu, nimetafuta mahari yako tangu asubuhi mpaka nimechoka."

Akaacha kufua. "Mahari yangu? Dada, mimi ni mwanaume. Huku kwenu wanaume ndio wanatolewa mahari?"

"Sijui mambo ya kutolewa. Mimi nataka tu nionyeshwe mahari yako, nitie sahihi, niende."

"Basi," akasema huku akijikausha mikono kwa suruali, "ambia baba yako nimekubali. Lakini mbuzi wawe wanono."

Nilielewa nikiwa tayari ndani ya gari la kurudi, na nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogeza kikapu chake mbali na mimi. Mzee Wafula aliposikia aliniita Bibi Mahari hadi Krismasi. Hilo lilikuwa kosa la kucheka. Lililofuata halikuwa.

Ilikuwa barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Msichana aliitwa Muthoni wa Gachanja. Alikuwa amefanya mtihani, ameomba nafasi, na nafasi imepatikana, lakini barua ilizunguka ofisi nyingi kabla ya kufika kwetu. Ilifika Jumatano, na chuo kilimtaka Jumatatu asubuhi. Chuo kilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na asiyefika siku hiyo nafasi yake ilipewa mwingine. Karani mkuu wetu, mama mmoja mkali wa Kerugoya, alinipa Alhamisi asubuhi na kuniambia, "Hii isilale ofisini."

Kwenye pembe ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Ashukie pale kulikuwa na mugumo, aulize kwa Gachanja.

Kwa wageni niseme: mugumo ni ule mti mkubwa ambao wazee wetu walisali chini yake na hawakuukata ovyo. Hakuna kilima huku kisichokuwa na mahali panapoitwa Mugumoini, penye mugumo. Nilikwenda kituoni nikauliza, "Gari ya mugumo ni gani?" Makanga akasema, "Mugumo? Hii hapa. Ingia."

Lilikuwa gari la barabara ya Othaya. Niliteremshwa kando ya mugumo mkubwa, wenye kivuli na mbuzi wawili chini yake, nikafurahi. Nikauliza kwa Gachanja, nikaonyeshwa. Nikamkuta mzee yuko uani anachonga mpini wa jembe. "Hapa ni kwa Gachanja?" Ndiyo. "Muthoni yuko?" Yuko. "Aliomba chuo cha ualimu?" Mzee akaangusha panga. Msichana akatoka jikoni, mwembamba, ana unga mikononi, akaiona bahasha, akakaa chini palepale kwenye udongo. Mama yake akaanza kupiga vigelegele, vile vitano tunavyompigia mtoto wa kiume anapozaliwa, ingawa huyu alikuwa msichana. Mzee akatia sahihi. Nilipofika kona nikasikia kuku analia, nikajua anachinjwa, nikarudi mjini nimejaa raha kama mtu aliyeandika barua ile mwenyewe.

Ijumaa asubuhi mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani aliingia ofisini. Alisalimia, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake. Kisha akasema polepole, "Nauliza kama barua ya Muthoni wangu imekuja. Kila siku anaenda kungoja mesenja steji, pale gari inasimama, nimeona nije mwenyewe."

Karani mkuu akafungua kitabu. "Mama, barua ilifika jana. Hii hapa sahihi ya baba yake. Gachanja."

Yule mama alikitazama kitabu kwa muda mrefu. "Gachanja wangu tulimzika mwaka juzi," akasema. "Ametia sahihi na mkono gani?"

Mashine za kuchapa zilisimama. Ninyi wengine mmeshaelewa. Kwetu mtoto hapewi jina tu, hurithi: wa kwanza kwa bibi wa upande huu, wa pili kwa bibi wa upande ule, na babu vilevile. Kwa hiyo majina hayaishi wala hayaongezeki, na ukivuka kila mto utamkuta Muthoni mwingine wa Gachanja. Mimi ni Mkikuyu, nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Karani mkuu hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Jumatatu huyo mtoto asipofika chuo, na wewe usifike hapa."

Mzee Wafula alisimama, akamwinamia yule mama. "Mama, rudi nyumbani. Ambia msichana asiondoke steji. Leo barua itafika, mimi nimesema." Halafu akanigeukia. "Bahasha ilikuwa imeandikwa nini?"

"Mugumo," nikasema.

"Sema yote."

"Pale kulikuwa na mugumo."

"Sasa ulishuka kwa mugumo iko, ama kwa mugumo ilikuwa?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Iko. Ni kubwa. Kuna hata mbuzi."

"Umesoma mti, umeacha neno," akasema. "Mimi nilipokuja hapa nilisumbuka mwaka mzima kwa hilo neno. Nyinyi watu wa Nyeri hamwelekezangi mtu na kitu iko. Mnamwelekeza na kitu ilikuwa. Shuka pale kulikuwanga na posta. Pita pale kulikuwanga na Mhindi wa mabati. Kama mti iko, nani angeandika kulikuwa? Mugumo ya huyu mama ilianguka na upepo, barabara ya Mweiga, ng'ambo ya mto. Steji ilibaki na jina. Chukua mkoba."

Tulipanda gari la Othaya. Yeye alikaa dirishani, upande wa kushoto, na kila mara aligeuza shingo kuutafuta mlima nyuma ya bega lake, ingawa saa hiyo ulikuwa umeshajifunika mawingu. Hakunilaumu hata neno moja. Alichosema tu, karibu na kushuka, ni hiki: "Gari ya mwisho ya kwenda kule kwa yule mama inatoka mjini saa kumi. Kwa hiyo hapa hatukunywi chai, hata wakitupatia."

Walitupatia. Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Kulikuwa na sufuria mbili mekoni na mtu alikuwa ameleta blanketi jipya, bado liko kwenye nailoni. Mzee Gachanja alikuja kunishika mkono kwa mikono miwili. Mzee Wafula ndiye aliyesema, kwa sababu mimi nilishindwa. Alisema kwa ufupi na kwa heshima, amevua kofia.

Mzee Gachanja alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo mmetuletea furaha ya wenyewe," akasema. Nimetukanwa mara nyingi katika kazi yangu, na mbwa wameniuma mara tatu, lakini hakuna kitu kilichoniuma kama hilo.

Muthoni alitoka chumbani na bahasha mkononi. Alikuwa ameikunja vizuri ndani ya leso. Hakuwa analia. "Nilijua jana jioni," akasema. "Namba ya mtihani si yangu. Yangu naijua kwa kichwa."

Mama yake akageuka. "Na ukanyamaza? Na kuku tumechinja?"

"Nilitaka nilale nayo usiku moja tu, mama."

Mimi nilinyoosha mkono niipokee, akairudisha kifuani. "Niliifungua mimi," akasema, "nitaipeleka mimi." Akaingia ndani akavaa viatu.

Hivyo tukarudi mjini watu watatu, tukafika kituoni gari la saa kumi likiwa tayari limewasha injini. Sikumbuki mengi ya njiani. Nakumbuka kwamba baada ya King'ong'o mawingu yalifunguka kidogo, ncha za mlima zikaonekana upande wa kulia, na Muthoni akasema, "Kumbe huku unaonekana hivi." Alikuwa hajawahi kufika upande ule, na mimi, mesenja wa mji mzima, nilikuwa sijawahi pia. Nilizaliwa chini ya mlima ule na sikujua kwamba ukiutazama kutoka barabara ile unakuwa mpana kuliko unavyoonekana kwetu.

Steji ilikuwa shina tu la mti ulioanguka, limeota majani pembeni. Juu ya shina ameketi msichana mwenye sare ya shule iliyopauka, na mama yake mwenye kitambaa cheusi amesimama nyuma yake. Muthoni wetu alishuka wa kwanza.

"Wewe ni Muthoni wa Gachanja?"

"Ni mimi."

"Hata mimi," akasema, akampa bahasha.

Yule mwingine aliipokea, akawa anaigeuzageuza bila kutoa karatasi. Kwa hiyo Muthoni wetu akaichukua tena, akaifungua, akamsomea. Alisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma kanisani: jina, namba, siku ya kufika, halafu orodha ya vitu vya kubeba. Dereva alizima injini, na abiria wakatoa vichwa madirishani. Alipofika kwenye ndoo, mama mmoja ndani ya gari akasema, "Ndoo chukueni hii yangu, nitanunua ingine sokoni." Alipofika kwenye jembe, mzee wa nyuma akasema jembe liko, litaletwa kesho. Alipofika kwenye blanketi, yeye mwenyewe akasema, "Blanketi iko kwetu. Mpya. Nitaleta." Na alilileta Jumamosi, peke yake, kwa magari mawili.

Mwenye barua alifika chuo Jumatatu, na mimi nikafika kazini. Alihitimu, akafundisha, akawa mwalimu mkuu huko Murang'a. Na makanga wa gari lile, ambaye alikuwa na mdomo mrefu kuliko barabara, alianza kuiita steji ile Maruaini, kwa sababu kwa Kikuyu marua ni barua. Isichanganywe na Marua ile ya kwenda Karatina, ambayo ilikuwepo kabla yetu. Miezi michache baadaye kila mtu alisema Maruaini na mugumo ukasahaulika. Majina ya steji hayaandikwi na serikali, huandikwa na midomo ya watu wanaotaka kushuka.

Lakini Muthoni wetu hakupata barua mwaka ule, wala uliofuata. Nilijua, kwa sababu barua zote zilipitia mikononi mwetu. Kila zilipokuja nilitafuta jina lake na namba yake, na sikuiona. Siku ile nilikuwa sijamwomba msamaha. Nilitaka kusema pale steji, nikajiambia nitasema siku nyingine. Halafu siku zikawa miaka. Nikawa nikipita Maruaini kwenye gari nageuza uso upande wa mlima.

Ile Jumatatu Mzee Wafula aliniambia, "Jumamosi tukitoka kazi, shule inaanza." Kazi tuliimaliza saa sita Jumamosi. Tukapanda gari la Kiganjo hadi mwisho. Tulipofika mwisho akaniambia nishuke, nizunguke gari mara moja, nitazame mlima uko wapi, tukanywa chai kwenye kibanda, tukarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Jumamosi nyingine Mweiga, nyingine Othaya, nyingine tukaenda hadi Kiriaini kwenye majani chai, mvua ikatunyeshea na akanunua maandazi manne, yote akala yeye. Nauli kila mtu alijilipia. Watu wa ofisini walisema mengi, mume wangu mtarajiwa akaja kuuliza, na Mzee Wafula akamwambia, "Njoo na wewe, kwani wewe unaijua?" Akaja. Alikuwa haijui.

Mambo aliyonifundisha yote yanatosha kwenye mfuko wa shati. Toka mapema, mlima ukiwa wazi, kwa sababu kufika saa nne umevaa mawingu na umepotea kwa siku nzima. Kaa upande unaouona. Ukiwa na jambo la kuuliza muulize mama mwenye kikapu, maana huyo lazima afike kwake leo na mzigo wake, hawezi kukosea. Usiulize hapa ni wapi, uliza hapa kulikuwanga na nini, utaona watu wanavyokusogelea kukueleza, na kabla hujaondoka utakuwa umeshajua nani ni ndugu ya nani.

Na kubwa kuliko yote: usishuke kituo chako. Shuka kimoja mbele, urudi kwa miguu. "Ukishuka kwako," aliniambia, "unaona mlango yako tu. Ukishuka mbele, unapita kwa milango ya watu. Watakuuliza unaenda kwa nani, na hivyo ndio watakuonyesha." Kama ningefanya hivyo siku ile ya mugumo, ningepita milango mitano kabla ya kufika kwa Gachanja, na mtu mmoja kati ya hao angeniambia, ngoja, kuna Gachanja mwingine.

Siku hizi boda inakufikisha hadi kizingitini na simu inakuongoza kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Sina ugomvi nayo. Ingekuwepo zamani, nisingeumwa na mbwa. Lakini simu inajua kilichopo tu, ya kilichokuwepo haina habari.

Mzee Wafula alistaafu kabla yangu akarudi kwao. Mwaka mmoja nilipata likizo nikapanda basi kwenda kumwona. Nilikuwa na jina la steji yake kwenye karatasi. Nilipoisikia inatajwa nilikaa kimya, nikashuka iliyofuata, nikarudi kwa miguu nikisalimia watu, na watoto wakanisindikiza. Alikuwa ameketi nje anachambua maharagwe, akitazama njia ya kutoka steji. Mimi nikatokea upande mwingine kabisa. Alinitazama, akaangua kicheko mpaka ungo ukamwagika. "Bibi Mahari!" akasema. "Umefaulu." Nikamwambia asante mbele ya mke wake na wajukuu wake, kwa sauti, kwa kila kitu. Alipofariki sikuwa na cha kujuta upande wake.

Upande wa pili ndio uliobaki. Nilipostaafu nami, magoti yakaanza kelele na nyumba ikawa kimya, nikarudia Jumamosi zangu. Ninapanda gari lolote hadi mwisho, ninakunywa chai, ninarudi. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye gari la Mweiga, na makanga kijana akaita, "Wa Mahuaini! Nani wa Mahuaini?"

Nikashtuka. Mahua kwa Kikuyu ni maua. "Kijana," nikasema, "hapa ni Maruaini. Ya barua."

"Shosho, ati barua? Si unaona ni flawa zimejaa? Hata kibao iko." Na kweli kilikuwepo kibao, kimepakwa rangi, herufi kubwa: MAHUAINI. Palipokuwa na shina la mugumo palikuwa na miche ya maua imepangwa kwenye mikebe na karatasi nyeusi, mistari kwa mistari hadi kwenye ua.

Nilikasirika, niseme kweli. Nilisema, hawa watoto wamefuta kitu wasichokijua. Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu nikipanga maneno nitakayomwambia mwenye kile kibao. Nilimkuta mwanamke mnene kidogo, ana miwani, amepiga magoti anajaza udongo kwenye mikebe. Akainua kichwa. Hata sikuhitaji kuuliza jina.

"Wewe ni mesenja," akasema.

"Ni mimi."

Akaniletea kiti, akaniletea chai. Akanieleza kwamba baada ya yule mwenzake kwenda chuo, mama wa kitambaa cheusi alibaki peke yake, na yeye Muthoni akawa anakuja kumsaidia shamba mara moja moja, kisha mara nyingi, kisha akaolewa na kijana wa jirani. Yule mama ndiye aliyempa mbegu za kwanza za maua. Alizeekea mikononi mwake. Mwalimu mkuu wa Murang'a huja kila Disemba, wanaitana wajina.

Nikaweka kikombe chini. "Muthoni," nikasema, "nilikuletea kitu kisicho chako, nikaja nikakichukua, na sikukuomba msamaha. Naomba leo."

Alifuta udongo kwenye vidole kimoja kimoja. "Nilingoja uje useme," akasema. "Nilingoja sana. Halafu nikaacha kungoja, kazi ikawa mingi. Lakini umekuja. Imeisha."

Nililia kidogo, mnisamehe. Nilipotulia nikakumbuka hasira yangu ya kibao, nikamwambia tutafute fundi akiandike upya, kisomeke Maruaini, watu wajue ni yeye aliyeleta barua pale.

Akatikisa kichwa. "Wacha hivyo, mesenja. Ile barua haikuwa yangu. Hii maua ni yangu."

Akanichagulia mche mmoja, akaufunga kwa gazeti, akanisindikiza barabarani. Gari lilipokuja, makanga aliniuliza nitakuwa nikishukia wapi siku nyingine, ili asinipitishe tena. Nikamwambia vile tunavyoelekezana sisi watu wa Nyeri: Mahuaini, pale kulikuwanga na barua.